Sura ya Nne: Machinga Ndani ya Punje

Katika nyumba niliyofikia Rutamba, mkoani Lindi, mahindi ya mbegu hayakuwekwa kwenye gunia. Yalitundikwa juu ya jiko na maganda yake, yamefungwa mawili mawili, moshi umeyapa rangi ya chai. Mwenye jiko, bibi aliyemzidi mama yangu kwa umri, alishusha mafungu kadhaa, akaketi mkekani na kuanza kuchambua. Lenye punje zilizojaa aliliweka kulia, lililotobolewa na dumuzi kushoto. Likaja moja alilolimenya nusu tu, akalirushia kuku.

"Lina nini hilo, bibi?"

"Lina madoa, mjukuu wangu. Ukilipanda hilo, mwakani shamba zima litakucheka."

Nililiokota kabla jogoo hajafika. Punje zake zilikuwa nyeupe, lakini maganda ya punje hizo yalikuwa na michirizi myekundu. Mingine ilikuwa myembamba kama uzi, mingine mipana kiasi cha kufunika nusu ya punje, na mahali pamoja wekundu ulikuwa umemeza punje tatu zilizokaa jirani. Nikamwomba nilichukue.

"Utalila?"

"Nataka kulitazama tu."

"Haya, litazame," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa na mbegu za kuchagua, mimi nilikuwa na kitabu cha kuandika, na kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa na haraka ya haki.

Kila mkulima anajua kwamba shamba la mahindi meupe likipakana na la mahindi ya njano, magunzi hutoka mchanganyiko: punje ya njano hapa, nyeupe pale. Hiyo ni kazi ya upepo na chavua, na kila punje huwa na rangi yake moja. Michirizi ndani ya punje moja ina asili nyingine. Jeni inayotia ganda la punje rangi nyekundu ipo, nzima, ila kuna kitu kimekaa mlangoni mwake kikaziba njia, na ganda likabaki jeupe. Gunzi likiwa bado linakua, kitu hicho huondoka katika seli moja. Seli hiyo hupata rangi, na vizazi vyake vyote hurithi wekundu. Kikiondoka mapema, wakati seli bado chache, mchirizi huwa mpana. Kikichelewa, unapata uzi. Gunzi lile, kwa hiyo, lilikuwa daftari la safari: nani kaondoka, na lini.

Wanasayansi huita vitu hivi transposoni. Mimi nitaviita jeni machinga, na nina sababu ya kijiografia. Wamachinga ni kabila la huku huku, kati ya Kilwa na Lindi, na jina lao ndilo lililokuja kumaanisha kila mfanyabiashara anayezunguka na bidhaa zake begani au akizitandaza kando ya barabara. Mjini wako wanaoshikilia kwamba neno hili limetokana na Kiingereza cha kutembea kwa miguu. Ukiwa Lindi, hadithi hiyo huna haja nayo. Jeni machinga ni kipande cha DNA kisicho na fremu ya kudumu. Hutandika popote palipo wazi. Kikitandika katikati ya mlango wa duka, duka hufungwa. Kikitandika pembeni, huenda kikalivutia duka wateja ambao halikuwa nao.

Kuna wa aina mbili. Wa kwanza hukunja turubai lake na kuhamia pengine, kama yule wa gunzi la bibi. Wa pili hahami: hutoa nakala yake na kuituma mahali pengine, yeye akabaki alipo, kama mtu anayefungua tawi. Aina hii ya pili, iitwayo retrotransposoni, ndiyo inayojaza nyumba. Jenomu ya mhindi iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2009, ilikutwa na jeni zaidi ya 32,000, lakini sehemu kubwa ya maandishi yake, takriban asilimia 85, ilikuwa ya jeni machinga na mabaki yao. Soma tena. Katika kila punje unayosaga, maduka halisi ni machache, na mji uliobaki wote ni wa wapita njia.

Aliyewagundua ni Barbara McClintock, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902, aliyepanda mahindi yake mwenyewe huko Cold Spring Harbor karibu na New York na kuyatazama punje kwa punje. Katika miaka ya 1940 aliona kromosomu zikikatika kila mara mahali pale pale, kisha akaona kwamba "mahali pale pale" penyewe panahama. Alikuta pia kwamba mhamaji mmoja, aliyempa jina Ds, hawezi kujikongoja bila msaada wa mwingine, Ac. Mmoja ana mkokoteni, mwingine anaudandia. Alichapisha matokeo mwaka 1950, na mwaka uliofuata akayaeleza mbele ya wenzake. Wengi hawakumwelewa. Wakati huo jeni zilidhaniwa zimepangwa kama shanga kwenye uzi, na shanga haitembei. Kufikia mwaka 1953 alipunguza sana kuchapisha habari hizo, akaendelea kupanda. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, akiwa na miaka 81, peke yake bila wa kugawana naye.

Katika hotuba ya tuzo hiyo alisema jambo ambalo kwangu ni zito kuliko ugunduzi wenyewe. Jenomu ikipata mshtuko, alisema, huweza kujipanga upya, na wahamaji waliolala huamka. Miongoni mwa mishtuko aliyoitaja ni virusi, kuoanisha spishi mbili zisizo ndugu wa karibu, na kukuza mmea kutoka kwenye seli katika chupa za maabara. Ukiiweka orodha hiyo kichwani, historia ya mazao ya Afrika Mashariki unaanza kuisoma kwa jicho jingine.

Lakini kwanza, kwa nini hawa wengi wamelala? Kwa sababu mji una mgambo. Mmea hutengeneza vipande vidogo vya RNA, vingi vyao vyenye herufi 24, ambavyo ni kama orodha ya majina mkononi mwa askari. Popote jina likilingana, mmea hubandika alama ya kikemia iitwayo metili, kama zile X nyekundu tulizozoea kuziona kwenye kuta za nyumba zilizojengwa ndani ya hifadhi ya barabara. Penye X hapafunguliwi. DNA hiyo hukunjwa, ikakazwa, na mashine za kusoma jeni haziifikii. Alama hizo hurithiwa, hivyo machinga aliyepigwa X kwa babu hubaki amefungiwa hadi kwa mjukuu. Miaka ikipita, herufi zake huchakaa kwa makosa madogo madogo mpaka asiweze tena kutembea hata ukimfungulia.

Hapo wengi husema: basi hao ni visukuku tu. Neno hilo lina uzito wake huku. Kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi kuna kilima cha Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, wenyeji wakaibeba kwa miguu hadi bandarini, na jitu refu kuliko yote limesimamishwa Berlin mpaka leo. Mifupa ya Tendaguru haitaamka. Na ni kweli kwamba jeni machinga nyingi ni mifupa ya aina hiyo. Ila si zote. Chache zimelala tu, na tofauti kati ya mfupa na aliyelala huijui mpaka umguse.

Waliomgusa kwa mkono wa kukusudia walikuwa Wajapani. Mwaka 1996 Hirohiko Hirochika na wenzake walionyesha kwamba mpunga ukikuzwa kutoka kwenye seli ndani ya chupa, jeni machinga moja iitwayo Tos17 huamka na kujinakili, na mmea ukirudishwa shambani hunyamaza tena, nakala mpya zikiwa zimekwisha kaa. Januari 2003 zikatoka ripoti tatu kwa pamoja kuhusu kijidude kingine cha mpunga, mPing, chenye herufi 430 tu. Kundi moja lilikiamsha kwa kukuza mimea kutoka kwenye vifuko vya chavua. Jingine lilikikuta kikiruka katika mpunga uliopigwa miale ya gama, ambao maganda ya punje zake yalikuwa membamba isivyo kawaida. Baadaye ikaonekana kuwa katika aina ya kienyeji iitwayo Gimbozu, mPing haijalala kabisa: kila mmea, kila kizazi, hupata nakala mpya zipatazo 40. Mmea hauharibiki, kwa sababu mPing hukwepa katikati ya jeni na hupenda kutandika mbele yake. Na hapo mbele hufanya jambo la ajabu. Baadhi ya jeni zilizopata jirani huyu zilianza kuitikia baridi na chumvi, wakati awali hazikuwa na habari navyo.

Miale ya gama inatuleta nyumbani. Zanzibar mwaka 2011 ilitoa kwa wakulima mbegu ya mpunga iitwayo SUPA BC, iliyotokana na SUPA ile inayonukia, baada ya kupigwa miale na kuchaguliwa kizazi hadi kizazi kwa msaada wa IAEA, shirika la nishati ya atomiki, na FAO, la chakula na kilimo. Kazi ya miale ni kuvunja DNA na kuuacha mmea uunge wenyewe, mara nyingine kwa makosa. Tangu zile ripoti za 2003 tunajua kwamba pigo hilo hilo huweza pia kuwagutusha waliolala. Vyovyote iwavyo, hakuna mtu Unguja aliyeitambua mbegu ile kwa kuhesabu herufi. Waliitambua kwa kutembea kwenye majaruba.

Tatizo la miale ni kwamba haichagui, ni sawa na kumwamsha mtu kwa kubomoa nyumba. Ndiyo maana kazi iliyochapishwa mwaka 2017 na Michael Thieme, Etienne Bucher na wenzao ilinifanya nikae sawasawa. Wao walimlenga mgambo. Kuna mmea mdogo wa jamii ya kabichi, Arabidopsis, unaotumika sana maabara. Ndani yake imo jeni machinga ambayo Wajapani waliipa jina ONSEN, yaani chemchemi ya maji moto, kwa sababu huamka joto likifika nyuzi 37. Mwanzoni mwake ina kitufe kinachobonyezwa na king'ora cha joto cha mmea wenyewe. Lakini mwaka 2011 ilikuwa imeonekana kwamba mmea mzima wa afya, hata ukiungua na joto, hauachi nakala mpya zifike kwenye mbegu. Nakala hizo zilifika pale tu orodha ya mgambo ilipokuwa na hitilafu ya kurithi.

Kundi la Thieme na Bucher likatengeneza hitilafu ya muda. Walitumia dawa mbili. Ya kwanza, zebularini, hujifanya herufi C ya DNA, na kimeng'enya kinachobandika X hunasa juu yake. Ya pili, alfa-amanitini, ni sumu ya uyoga uuao watu kila mwaka duniani. Hii huibana mashine kuu ya kusoma jeni, ambayo, walivyoonyesha, nayo ina mkono katika kazi ya mgambo. Wakaongeza joto. ONSEN ikajinakili, nakala zikarithiwa na watoto wa mmea, na dawa zilipoondolewa mgambo wakarudi kazini. Walijaribu dawa hizo kwenye mpunga pia, na huko ikaamka nyingine, Houba. Hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyoingizwa. Mmea ulipangua na kupanga mali yake wenyewe.

Uzuri uliojificha ni huu: ONSEN ikitandika karibu na jeni fulani, hubeba kitufe chake cha joto. Jeni hiyo nayo huanza kusikia joto. Mmea ulioamshwa na ukali wa jua una nafasi, si uhakika, ya kupata watoto wanaojua jua ni nini. Mkulima wa Lindi aliyekaukiwa na mahindi yake shambani Februari mvua ilipokatika hahitaji kuelezwa kwa nini wazo hilo linavutia.

Na linavutia mno, ndiyo maana ni lazima tufike Malaysia. Huko miaka ya themanini kampuni zilizalisha michikichi kwa wingi kutoka kwenye tishu za miti bora kabisa, zikiamini zimepata nakala sawasawa za mama. Miche ilipandwa, ikatunzwa miaka, ikazaa, na mingine ikatoa matunda yaliyovimba kwa vazi la pembeni, yasiyo na mafuta ya maana. Chanzo kilijulikana mwaka 2015. Ndani ya jeni moja ya ua la mchikichi imelala jeni machinga iitwayo Karma. Katika chupa za maabara X yake ilikuwa imefutika. Karma haikuhama hata hatua moja. Kule kuamka kwake tu pale ilipokuwa kulitosha kuharibu usomaji wa duka lililoizunguka. Anayepanda mchikichi Kigoma leo anaweka ardhi na miaka yake rehani mpaka atakapoona tunda, naye ndiye wa kwanza kuulizwa kabla mtu hajaamsha chochote.

Muhogo ulitufundisha somo la aina hiyo karibu zaidi. Ugonjwa wa batobato uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutokana na muhogo wa nchi hii, enzi za Wajerumani. Miaka mia moja na ushei baadaye, aina kadhaa za muhogo zenye kinga ya batobato iitwayo CMD2 zilipitishwa maabara, zikakuzwa upya kutoka kwenye seli ili zitiwe kinga ya ugonjwa wa pili, michirizi kahawia. Mimea iliporudi shambani, mingi ilikuwa imepoteza kinga ya batobato iliyokuja nayo. Taarifa ilichapishwa mwaka 2016. Kinga ya CMD2 yenyewe mwaka 2022 ilihusishwa na mabadiliko katika jeni ya kimeng'enya kinachonakili DNA, kwa hiyo simtupii machinga lawama hii. Ninachoonyesha ni chupa. Ilikuwamo kwenye orodha ya McClintock tangu 1983.

Kuamsha, basi, kumekuwa rahisi. Joto kidogo, dawa mbili, wiki chache. Ukishaamsha unabaki na mimea elfu moja ambayo kila mmoja umepanguliwa kivyake. Mingi haina tofauti ya kuonekana, mingine imekuwa vilema, na michache, ukibahatika, ina kitu. Nani ataijua hiyo michache? Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu wanaoandika kuhusu sayansi hii kana kwamba kazi imekwishia maabarani. Maabara inaweza kuzalisha tofauti kwa kasi ambayo McClintock asingeota, lakini jicho la kuchambua bado linatembea kwa miguu, msimu mmoja kwa mwaka.

Ushahidi ninao, na unaitwa Namikonga. Katika miaka ya 1930 kituo cha Amani, milima ya Usambara, kilianza kuzalisha muhogo wa kuhimili magonjwa chini ya H. H. Storey na baadaye R. F. W. Nichols. Waliuoanisha muhogo na mpira wa Ceará, mti wa utomvu ulio wa jenasi moja na muhogo lakini spishi nyingine. Kwa kipimo cha McClintock, huo nao ni mshtuko. Kisha wakarudisha uzao kwa muhogo tena na tena. Mmoja wa watoto hao aliandikwa 46106/27. Programu ilifungwa miaka ya hamsini, Waingereza wakaondoka, madaftari yakakaa. Muhogo haukukaa. Pwani ya Kenya wakulima waliuita Kaleso. Huku kusini waliuita Namikonga, wakapeana vipande vya miti jirani kwa jirani, wakauendeleza kwa sababu nyama yake haikuoza kwa michirizi kahawia kama mingine. Vipimo vya DNA vya karne hii vikathibitisha kwamba Kaleso, Namikonga na ile namba ya Amani ni mmea mmoja, na watafiti wakaurudia kuufanya mzazi wa mihogo mipya. Nusu karne nzima kumbukumbu ya Amani iliishi mashambani, bila faili, chini ya jina walilolitoa wanaoula.

Swali la sheria nalipitia haraka. Oktoba 2016 Tanzania ilipanda Makutupora, Dodoma, jaribio la mahindi yaliyotiwa jeni ya kiumbe kingine; Januari 2021 Wizara ya Kilimo ikasitisha majaribio ya namna hiyo. Mmea ulioamshiwa machinga wake mwenyewe hauna mgeni ndani yake, na kanuni zetu za 2009 ziliandikwa kwa kuwafikiria wageni. Wanasheria watapata kazi. Mimi ningependa wakulima waulizwe mapema kuliko wao.

Na waulizwe mahali kama Rutamba. Mwaka 1934 na 1935 Mjerumani Schlieben alipiga kambi kwenye ziwa la hapa, ambalo vibandiko vyake vinaliita Lutamba, akakusanya mimea ya msituni iliyokuwa haijapewa jina la kisayansi. Karatasi zake zimetunzwa Ulaya hadi leo, na wataalamu bado huzifungua. Zilikuwa za msituni. Kinachotoka shambani na kuonekana si cha kawaida huishia kwa kuku, na bibi yangu wa jikoni hana kosa: ana watu wa kulisha, hawezi kupanda madoa kwa ajili ya udadisi wa mgeni.

Kwa hiyo ombi langu nalipeleka kwako wewe unayesoma, mwenye kalamu na nauli. Ukikuta gunzi lenye michirizi ndani ya punje, muhogo uliobaki na majani ya kijani shamba zima lilipojikunja, au shina moja la ufuta lililosimama mvua ilipokatika, usilichanganye na mengine. Lifunge peke yake, andika kijiji, mwezi na jina la mwenye shamba, kisha ulifikishe kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Gunzi langu liko mezani ninapoandika haya. Lina punje 312, na nimezihesabu mara mbili.